Sifa za Pancha

Mlima Kenya hauhitaji sifa zangu. Una mita 5,199, una wapagazi, una hoteli zinazouuza kwa dola, na kila asubuhi isiyo na mawingu yupo mtu hapa Nyeri anayeupiga picha kana kwamba umeletwa jana. Pikipiki nayo haijakosa wasifu: vijana wameyajaza madigadi yake maneno ya ushujaa hadi nafasi imekwisha. Pancha, ambayo imetufanyia mema kuliko hivyo viwili, haina hata mtetezi mmoja. Hutajwa kwa matusi tu, ingawa anayeitukana mara nyingi huwa amepiga magoti mbele yake. Lucian wa Samosata aliandika sifa za nzi katika karne ya 2 na hakuna aliyemfikisha mahakamani. Naomba nafasi hiyohiyo.

Msifu hodari huanza na ukoo. Kwa karne nyingi magurudumu ya mbao, ya chuma na ya mpira mgumu yalizunguka duniani bila kujua pancha ni kitu gani, na waliopanda juu yake walijua hivyo kwa mifupa yao. Mwaka 1845 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alijipatia hataza ya gurudumu lenye hewa ndani, dunia ikampuuza. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop akafunga mipira iliyojazwa upepo kwenye baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe, na tangu hapo msumari, ambao kabla yake ulikuwa kitu cha seremala, ukapata wito mwingine. Dunlop alikuwa daktari wa mifugo. Jambo hili tunamkumbusha mwenzetu muuza dawa za ng'ombe kila tunapokwama, kana kwamba yeye ndiye aliyemtuma.

Na kama ilivyo kwa koo nyingi za kifahari, huu nao una damu. Tairi za upepo zilipopendwa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1890, mpira ulitafutwa kwa nguvu katika misitu ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, na mikono ya watu ikakatwa kwa ajili ya kilo za mpira. Hilo halipambwi. Naliweka hapo, tuendelee.

Sisi ni wakazi wa Ruring'u: mwalimu wa hesabu, kinyozi, muuza dawa niliyemtaja, karani mstaafu wa chama cha ushirika cha kahawa, na mimi. Pikipiki zetu ni za cc 125 na 150, za jamii ile iliyofurika nchini serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwishoni mwa miaka ya 2000. Yupo pia bwana mmoja mwenye pikipiki kubwa kutoka Ulaya, huyo nitamfikia. Siku za kazi tunazitunza kadiri ya mifuko yetu. Mafuta ya injini tunamwaga na kutia mapya, cheni tunakaza na kupaka grisi, plagi tunasugua kwa msasa, klachi tunailegeza ikibana. Kazi zote hizo zina ratiba, na mwenye bidii huzimaliza Jumamosi asubuhi akaenda kunyolewa. Pancha haina ratiba. Haijali kama umetoka kufanya sevisi jana. Ndiyo maana ina hadhi ambayo oili haitaipata kamwe.

Safari tuipendayo ni kuuzunguka mlima. Tunakutana alfajiri penye uwanja wa Ruring'u, ule ambako wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakaweka silaha chini Kenya ilipopata uhuru. Halafu ni Kiganjo, Chaka, Naro Moru, Nanyuki; Timau, ambako baridi huingia kupitia tundu la kifungo; Subuiga, panapoachana njia ya Isiolo na ya Meru; kisha Meru, Nkubu, Chuka, Runyenjes, Embu, na kurudi nyumbani kwa Sagana na Karatina. Ikweta tunaikata mara mbili, kwenye bango la Nanyuki linalopendwa na watalii, na tena kusini kidogo ya mji wa Meru. Mwalimu ndiye mpangaji. Huja na karatasi yenye saa za kufika na saa za kuondoka, pamoja na dakika za chai.

Karatasi hiyo huishi hadi pancha ya kwanza. Hapo ndipo safari hasa inapoanza, kwa sababu hadi wakati huo tumekuwa tukipita tu. Mtu anayekwenda kilomita 80 kwa saa haijui Chaka. Anaijua harufu yake ya mbuzi wanaochomwa, basi. Mtu aliyepata pancha Chaka anaijua duka kwa duka. Anajua nani ana karai, nani ana maji ya kutia kwenye karai hilo, nani alikosana na nani hata karai haliazimwi, na kwamba yule fundi unayeambiwa "yuko hapo tu" amekwenda mazishini. Miji ya Mlima Kenya mimi nimefundishwa na gurudumu la nyuma. Bila pancha ningedhani Runyenjes ni kibao.

Nasema gurudumu la nyuma kwa makusudi, kwani wengi hudhani pancha hutokea ovyo. Ina utaratibu wake. Msumari uliolala chali haumdhuru mtu. Gurudumu la mbele hupita juu yake likausimamisha, na la nyuma, linalofuata kwa uaminifu, likaupokea. Siku za mvua kazi hunoga zaidi, maana maji hulainisha mpira na kurahisisha safari ya ncha, tena husomba kutoka kando ya barabara kila kipande cha chuma kilichokuwa kimejificha. Malori yanayopasua tairi huacha nyuzi za waya zisizoonekana kwa macho. Ukielekea upande wa Isiolo, miti ya migunga hutoa mchango wake wa miiba. Na asiyejali upepo hupata aina ya pekee: tairi laini ikigonga shimo, rimu huibana tyubu na kuacha matundu mawili yaliyo sambamba. Fundi akiyaona hayo mawili haulizi kitu. Anakutazama tu, na bei inapanda.

Huyo fundi ndiye kuhani wa dini hii, nami ningeweza kumtazama siku nzima. Anang'oa tairi kwa vyuma viwili bapa bila kuigusa tyubu, anaipulizia upepo, anaizamisha kwenye karai na kungoja mapovu. Kabla ya hapo ametema mate kwenye valvu, kwa kuwa mara nyingine kosa ni la valvu na watu wazima wamekwisha kulia bure. Akishapata tundu anapapasa tairi kwa ndani kwa ncha za vidole, polepole, akiutafuta mwiba. Fundi asiyepapasa atakuona tena baada ya kilomita mbili. Kisha hulikwaruza tundu kwa tupa. Hapa wa kisasa hupaka solusheni na kubandika kiraka. Wa zamani, na Mungu awazidishie siku, hutoa pistoni kuukuu iliyochomelewa kwenye kikaza cha skrubu. Anaweka kipande cha mpira mbichi juu ya tundu, anakibana kwa pistoni ile, anamimina petroli kidogo kwenye uvungu wake na kuwasha moto. Moto unapozimika wenyewe, mpira umeshikana na mpira. Jambo hilohilo, la kupika mpira kwa joto, Charles Goodyear alipewa hataza yake Marekani mwaka 1844 baada ya kufilisika zaidi ya mara moja. Kwetu hufanywa chini ya mparachichi, kwa shilingi mia hivi, na mtu aliyevaa ndala.

Ustadi wa kugeuza takataka kuwa chombo una historia ndefu kuuzunguka mlima huu. Mwaka 1943 Mwitaliano Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya mateka wa vita Nanyuki ili wapande mlima, wakiwa na mashoka ya barafu waliyoyatengeneza kutokana na nyundo. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, wakashuka, na wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Namheshimu Benuzzi, ila pistoni ile ya petroli naiweka juu kidogo ya nyundo zake.

Sasa yule bwana wa pikipiki kubwa. Tairi zake hazina tyubu. Anavyoeleza yeye, msumari ukiingia hubaki hapohapo, upepo hutoka taratibu, na mtu huchomeka kamba ya kuziba bila hata kufungua gurudumu. Tulimsikiliza kwa adabu kutoka Ruring'u hadi Timau. Mbele kidogo ya Timau chuma kilimpasua ubavuni mwa tairi, mahali ambapo kamba haizibi, na nati ya ekseli yake ikawa kubwa kuliko spana yoyote iliyopatikana katika vibanda viwili vya mafundi. Akasubiri pikapu ipande kutoka Nanyuki. Alasiri hiyo wakulima wa viazi walikuja kumtazama, wakakaa karibu naye katika ile baridi, na mmoja akamwazima blanketi. Katika maisha yake ya koti la ngozi sidhani alikuwa amewahi kuazimwa blanketi. Ni mamlaka gani nyingine nchini Kenya inayomkalisha mwenye milioni na mwenye mkopo wa chama kwenye ukingo mmoja wa mtaro, bila kupokea simu kutoka juu?

Hukumu yake hailengi mali peke yake. Nani ni rafiki, pancha hujua kabla ya pampu kutolewa. Yuko anayeshuka akaanza kufungua nati kabla hujamwita. Yuko anayepiga picha. Yuko, na huyu tunaye, ambaye mara tu tairi linapokaa hukumbuka simu ya dharura na kusogea hadi penye mtandao mzuri, ambao kwa bahati huwa mbali. Karani wetu mstaafu, ambaye mjini hazungumzi, hufunguka kando ya tairi lililolala. Habari za kahawa ya miaka ya 1970, bei ilivyopanda na fedha zilivyokwenda, sisi hatukuzisikia kwake popote isipokuwa kando ya barabara. Karibu na Karatina, shosho mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe alisimama akatuuliza, "Watoto wangu, mmelala njiani hivi, nyumbani mmefukuzwa?" Karani ana miaka zaidi ya sitini. Alijibu, "Hapana, shosho," kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili. Kisha tukachota kidogo katika majani yale, kwa ruhusa yake, tukayasokota na kuyashindilia ndani ya tairi badala ya tyubu iliyochanika, na kinyozi akaingia mjini akiyumba kwa mwendo wa harusi.

Najua mashtaka yaliyopo. Inasemwa kwamba mafundi wenyewe humwaga misumari usiku. Yawezekana mahali fulani, lakini anayesema hivyo hajaona jinsi tunavyojenga: kila kibanda kinachobomolewa humu hurudi barabarani msumari kwa msumari bila msaada wa mtu. Inasemwa pia kwamba pancha huua, na hapo nakubali na kuvua helmeti. Ya mbele ni ndugu mbaya wa ya nyuma; usukani hugeuka mlevi, na mkono ukikamata breki ya mbele mambo yamekwisha. Mteremko wa daraja la Nithi, baina ya Meru na Chuka, tunaushuka kwa gia ndogo na bila utani. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa. Katika bonde lile simsifu mtu wala kitu.

Tukiwa na wageni huwapeleka kuona kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefariki hapa Nyeri Januari 1941. Kwenye jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, ishara ya maskauti isemayo kwamba mwenyewe amekwenda nyumbani. Wageni hutulia na kuinamisha vichwa. Sisi wa pikipiki tunaona tairi na msumari, na tunaona kwamba maelezo yale yana upungufu, maana mwenye duara na nukta ya aina yetu haendi nyumbani upesi.

Mshairi akimaliza kumsifu mfalme hudai tuzo, nami nimemaliza. Ewe pancha, sikuombi usije. Ningekuwa mnafiki, na mwalimu angefuata karatasi yake hadi mwisho. Naomba uje mchana. Uje nyuma. Uje ndani ya hatua mia za steji ya bodaboda, ambako vijana hutuazima pampu hata wakiwa wanatucheka, na usije kati ya Chuka na Runyenjes saa ya mvua ya jioni, tukiwa na kiraka kimoja na solusheni iliyokauka ndani ya kopo. Usinikute katikati ya malori kwenye barabara pana ya Marua kwenda Kenol. Na ikiwa lazima mmoja wetu aguswe kwanza Desemba hii, yule bwana ameshanunua spana ya saizi yake, ameibeba mgongoni, na anasema hatasimama tena Timau.