Mita Moja, Vyumba Sita

Katika nyumba ya kupanga watu huzoea kugawana mengi. Choo kina zamu yake, kamba ya nguo ina zamu yake, na hata jiko la uani mtu akichelewa humsubiri mwenzake. Mita ya umeme haina zamu. Inahesabu usiku na mchana, inamhesabu anayewasha na anayesahau kuzima, na mwisho wa yote inatoa namba moja tu kwa nyumba nzima. Ugomvi mwingi niliouona nyumbani kwetu Temeke umeanzia kwenye namba hiyo.

Nyumba ni ya mama yangu: vyumba sita, vitatu kila upande wa koridoo, baraza mbele na uani nyuma. Sisi tunakaa viwili na vinne vina wapangaji. Cha mbele anaishi kijana kinyozi, na saluni yake iko hapohapo. Anayemfuata ni binti anayefanya kazi dukani Kariakoo, kisha mama anayeuza barafu na juisi ya ubuyu. Cha mwisho, karibu na uani, yupo bibi mjane aliyepanga tangu baba akiwa hai. Kila mwezi kila chumba kilitoa mchango sawa, fedha zikakusanywa na mama, umeme ukanunuliwa.

Mama anakumbuka zama za ankara. Msoma mita alipita, karatasi ikaja, na aliyekwama aliomba siku mbili tatu kabla ya kukatiwa. LUKU ilipoingia nchini miaka ya 1990, deni likahama kutoka kwa shirika la umeme, TANESCO, likaingia ndani ya nyumba. Mfumo huu wa kulipa kwanza ulienea Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka hiyo, wakati umeme ulipokuwa ukipelekwa kwa mamilioni ya familia ambazo si rahisi kuzipelekea ankara. Muuzaji akaondokana na kazi ya kudai. Kazi hiyo haikufutika, ila alikabidhiwa mwenye nyumba, naye sasa ndiye anayegonga milango usiku akiuliza nani hajatoa.

Halafu ikaja simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na baada ya muda mtu hakuhitaji tena kutembea gizani kutafuta duka la kununulia umeme. Alibonyeza simu, zikaja tarakimu ishirini, akaziingiza kwenye mita, taa zikawaka. Kwa mama ilikuwa nafuu kubwa. Lakini mwenye simu yenye salio akawa mweka hazina wa nyumba bila kuchaguliwa, na risiti iliyokuwa karatasi mkononi mwake ikawa ujumbe ambao kila mpangaji aliomba kuusoma.

Wakausoma vizuri sana Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Binti wa Kariakoo ndiye aliyeiona kwanza. "Shikamoo, mama," alisema kwa upole, simu mkononi. "Hii kodi ya jengo, sisi tuna jengo?" Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema hapana, jengo ni langu na kodi ni yangu. Tangu siku hiyo, kila mwezi huongeza fedha ya kodi hiyo kutoka mfukoni mwake kabla ya kununua umeme. Nchi nzima ilijadili jambo hilohilo, na Serikali ilieleza kuwa mlipaji halali ni mwenye jengo, mpangaji aelewane naye. Kwetu maelewano yalipatikana kwa sababu mama ni mtu wa haki. Mita yenyewe haiwezi kumjua mwenye nyumba wala mpangaji. Inamkata yeyote aliyetangulia kununua.

Vita vyenyewe vilianza mama wa barafu aliponunua friji la mtumba. Uniti zilizokuwa zikitufikisha wiki mbili zikaanza kwisha katikati ya wiki ya pili. Mita ikilia, kila mlango ulifunguka, na kila aliyetoka koridoo alikuwa na mshukiwa wake. Wengi walimtaja kinyozi. Mashine zake zilinguruma tangu asubuhi, redio ilipiga muziki, vioo vilizungukwa na taa za rangi. Aliombwa atoe mara mbili. Kijana yule hakubishana na wakubwa, akatoa.

Mama aliitisha kikao uani na kumwita fundi umeme wa mtaani. Fundi hakutoa hotuba. Aligeuza kila kifaa, akasoma wati zilizoandikwa nyuma yake, na kutufundisha hesabu ambayo kila nyumba inapaswa kuijua: kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja, uniti moja imekwenda. Mashine ya kunyolea ilikuwa ya wati 10, hivyo ingenguruma saa mia moja ndipo imalize uniti hiyo moja. Hita ambayo binti alichemshia maji ya kuoga alfajiri, na pasi aliyonyooshea sare ya kazi, zilimaliza kwa dakika chache umeme ambao mashine hiyo ingeutumia wiki nzima. Friji kuukuu lilikula uniti moja mpaka mbili kila siku, liwe limejaa au tupu. "Kinachotoa joto ndicho kinachokula," fundi alisema, "sauti isiwadanganye." Mama alimgeukia kinyozi mbele ya wote. "Mwanangu, tulikuonea. Fedha yako ya ziada nitakurudishia." Akairudisha jioni ileile.

Siku hiyo nililiona pia jambo kubwa kuliko ugomvi wetu. Bei za umeme nchini zina kundi la watumiaji wadogo: anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo za wakati huo zilifika 122. Uniti zote 75 zilipatikana kwa shilingi 9,150. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi, na akizoea kuvuka huhamishiwa kundi la kawaida la shilingi 292. Katika kundi hilo, shilingi 9,150 zilinunua uniti 25 na ushee. Nafuu hii iliwekwa kwa ajili ya mtu wa kipato cha chini, na ni jambo jema. Ila kinachohesabiwa ni mita. Gawanya uniti 75 kwa vyumba vyetu sita, kila kimoja kinapata kumi na mbili na nusu. Bibi mjane, mwenye taa moja na redio ndogo, angekuwa na mita yake asingefika hata robo ya kiwango cha nafuu. Kwa kuwa anaishi pamoja na wenzake, analipia taa yake kwa bei ya kundi la juu. Mtu mmoja mwenye nyumba yake na mita yake, akiishi kwa uangalifu, analipa karibu theluthi moja ya bei hiyo.

Novemba 2024 tulipata kisa ambacho hadi leo kinasimuliwa mtaani. Ilikuwa jioni ya posa ya mdogo wangu. Pilau lilikuwa limeiva, washenga wamekaa sebuleni, adhana ya magharibi imetoka kusikika. Umeme ukazimika. Tukachungulia dirishani kama kila Mtanzania anavyofanya: kwa jirani taa zinawaka. Basi haukukatika, umeisha.

Mama alinunua haraka kwa simu. Badala ya tarakimu ishirini zikaja sitini, mafungu matatu. TANESCO ilikuwa imetangaza kwamba mita zote lazima ziboreshwe kabla ya tarehe 24 mwezi huo, na kwamba mafungu mawili ya kwanza ni ya maboresho na la tatu ndilo umeme wenyewe, lakini katika pilikapilika za posa hakuna aliyelikumbuka tangazo. Mama wa barafu, akiwazia friji lake, alilikimbilia fungu la tatu. Mita ikalikataa. Akarudia, ikakataa tena. Binti akajaribu la kwanza, akakosea tarakimu moja katikati, akaanza upya. Baraza likajaa watu na tochi za simu, kila mmoja akitaja namba yake.

Mshenga mkubwa alitoka, akaomba simu. Mzee yule alivaa miwani, akaagiza kimya, akamweka kinyozi kwenye vitufe. Alisoma tarakimu nne, akasubiri, akasoma nne nyingine, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhesabu mahari. Fungu la kwanza likakubalika, la pili likakubalika. La tatu lilipoingia nyumba nzima iliwaka, na vigelegele vilivyopigwa vilianza kwa ajili ya umeme vikamalizikia kwa bibi harusi mtarajiwa.

Chanzo cha tarakimu hizo kilikuwa mbali na Temeke. Mfumo wa kimataifa unaotumiwa na mita hizi huipa kila tokeni, yaani kila fungu la tarakimu, alama ya dakika iliyotolewa, na dakika hizo zilianza kuhesabiwa Januari 1, 1993. Waliousanifu waliweka nafasi ya dakika 16,777,216, ambazo zilitimia tarehe 24 Novemba 2024, na nchi zote zinazotumia mita za aina hiyo ilibidi zianze hesabu mpya. Uamuzi wa mafundi wa miaka thelathini na moja kabla yake uliongeza muda ambao posa ya mdogo wangu ilikaa gizani. Teknolojia inayoshika maisha ya watu wengi hubeba maamuzi kama hayo ndani yake, na wengi wetu huyajua siku yanapofika mlangoni.

Baada ya posa mama alinunua mita ndogo Kariakoo, fundi akafunga moja kwa kila chumba. Mita kubwa ikabaki ileile, ila sasa kila mpangaji anajua alichotumia. Ugomvi umekwisha. Binti ameacha hita, anachemshia maji kwenye gesi. Mama wa barafu amepandisha bei ya barafu kidogo, kwa kuwa sasa anajua inamgharimu kiasi gani, na biashara yake imesimama kwa miguu yake. Lakini mwezi wa kwanza bibi mjane alikaa gizani bila kusema. Zamani, mwezi alipokosa mchango, taa yake iliwaka tu kwa umeme wa wote, na hakuna aliyegundua. Mita ndogo ilimweka wazi. Tulipojua, kikao kilirudi uani, tukakubaliana kwamba taa ya koridoo, ya choo na ya chumba cha bibi zilipwe na nyumba nzima. Huruma iliyokuwa ikitokea yenyewe sasa ina kanuni yake, na nadhani hivyo ni bora, maana bibi hana tena haja ya kujificha.

Naandika haya kwa sababu nchi inaingia katika jambo kubwa zaidi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Nataka sana mkakati huo ufanikiwe. Nimeona macho ya mama yangu yakiwa mekundu kwa moshi wa mkaa. Ila jiko la umeme ni kifaa cha joto, na katika nyumba yenye mita moja litazimaliza uniti 75 mapema zaidi. Kumwekea kila mpangaji mita yake mjini si jibu jepesi, kwa kuwa kuunganishiwa umeme peke yake hugharimu zaidi ya shilingi laki tatu. Kiwango cha nafuu kingeweza kuhesabiwa kwa idadi ya kaya zilizo nyuma ya mita, zikathibitishwa na serikali ya mtaa ambayo tayari inawajua wakazi wake. Nyumba yetu ilihitaji fundi mmoja, karatasi na kikao cha uani ili kujua nani anatumia nini na nani hawezi kulipa. Wanaopanga bei za nchi wana takwimu na vyombo kuliko sisi. Waanze kwa kuhesabu watu wanaokaa nyuma ya mita, ndipo wapange bei ya uniti.