Jeli, Seli na Mfupa Mkaidi: Tano Hadi Moja

Ufa wa kawaida kwenye mfupa hujiunga. Ufungwe hogo, upewe muda. Pengo kubwa, la ajali au la uvimbe uliokatwa, halijifungi hata ulibembeleze. Ndipo watafiti wanapochanganya seli shina, zile ambazo bado hazijachagua kazi, na haidrojeli, jeli iliyosheheni maji, ili kulijaza. Twende, na namba moja usiiruke, nitakuja kukuuliza!

5. Nyonga. Mpaka leo, kujaza pengo, daktari kwa kawaida humega mfupa wa mgonjwa mwenyewe nyongani. Hufanya kazi vizuri, ila unafungua kidonda kipya ili kutibu cha zamani. Nyonga imechangia vya kutosha, jamani. Tuipumzishe.

4. Uboho. Miaka ya 1960 huko Moscow, Alexander Friedenstein alionyesha kuwa ndani ya uboho zimo seli shina chache zinazoweza kuotesha mfupa. Zikipandikizwa, nyingi hufa mapema, lakini huwahi kutoa kemikali zinazoziita seli za mwenyeji kazini. Wageni wa namna hiyo wapokelewe kwa mikono miwili.

3. Jeli yenyewe. Otto Wichterle na Drahoslav Lím waliitangaza Prague mwaka 1960, na kutoka humo zikaja lenzi laini za macho. Ya mfupa mara nyingi hutokana na mwani wa kahawia: alijineti yake ikikutana na kalsiamu huganda bila moto, na seli hazitaki moto. Wakulima wa mwani Zanzibar, teremsheni magunia kwanza: wenu ni mwekundu, unatoa karajinani.

2. Damu. Seli ikikaa zaidi ya maikromita 200 hivi kutoka kwenye kapilari, inakosa hewa. Pengo la panya wa maabara ni milimita chache. Paja la mtu mzima ni safari nyingine. Anayekuuzia leo sindano ya seli shina kama tiba iliyokamilika ya pengo la mfupa, mwambie akuonyeshe kwanza mishipa ya damu itapita wapi.

1. Ugumu! Mwaka 2006, Adam Engler na Dennis Discher huko Pennsylvania waliweka seli shina zilezile juu ya jeli tofauti. Kwenye jeli laini kiasi cha ubongo, zikaelekea kuwa neva. Kwenye ugumu wa msuli, msuli. Kwenye ugumu wa kilopaskali 25 hadi 40, mfupa. Seli haina macho: huishika jeli, huivuta, kisha huamua. Halafu mwaka 2016 kundi la Ovijit Chaudhuri na David Mooney likaonyesha kuwa jeli inayolegea upesi ikivutwa huzaa mfupa vizuri kuliko inayokaza tu. Yaani mbebaji ndiye anayempangia abiria kazi! Sasa vita iko kwenye kasi ya kuyeyuka: jeli ikiwahi, seli hutawanyika, ikichelewa, inauzibia mfupa njia.