Sahani Yangu na Wenye Mji

Hapa Tabata mtu akikukuta asubuhi umekalia kiti cha plastiki, macho juu ya mpapai, anakuwekea moja kati ya mawili: umefukuzwa kazi, au umekosana na mkeo. Kwamba baba mzima anaangalia ndege, tena ndege wasioliwa, hilo haliwaingii akilini. Jirani yangu nilimweleza kwa upole kabisa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa Baba Neema, ukishawaangalia unapata nini?"

Sipati kitu. Ndiyo raha yenyewe. Yeye kila Jumamosi anaangalia watu ishirini na wawili wakikimbizana na mpira. Mbona sijawahi kumuuliza anapata nini?

Mahitaji yangu ni madogo: sahani ya bati iliyotoboka ukingoni, chenga za mchele, mtama kidogo, na kopo la maji. Shomoro ndio wa kwanza kufika, wanagombana kabla hata ya kutua. Pugi huja wawili wawili, wanatembea kwa adabu. Chozi hana habari na mtama wangu. Yeye shida yake ni maua ya mgomba, ananyonya utamu wake na kuondoka bila kuaga.

Lakini wanaonichelewesha kazini ni mnana. Dume anachana majani ya mnazi wa watu mpaka kuti libaki uti, anafuma kiota, kisha ananing'inia chini yake akipiga mabawa na makelele kuinadi nyumba. Jike anakuja, anaingia, anakagua, anatoka. Hajaipenda. Kiota kikikauka bila kupata mwenyeji, fundi anakibomoa mwenyewe na kuanza upya. Mke wangu, niliyemhamishia kwenye nyumba isiyo na dari kwa ahadi ya "mwezi ujao", humtazama yule jike kwa heshima kubwa sana. Ukaguzi ukianza, mimi huingia ndani kutafuta soksi.

Haya yote huisha kunguru wakitua.

Nasema wale weusi wenye shingo ya kijivu, si kunguru wetu mwenye kola nyeupe, ambaye siku hizi mjini humwoni kirahisi. Hawa waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, eti wasaidie kula taka. Waliowaleta waliona ni akili kubwa. Taka zipo mpaka leo, na kunguru wapo pwani nzima, wamevuka bahari bila tiketi. Wanaiba mayai, wanakula makinda ya ndege wengine, wanabeba vifaranga mchana kweupe. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Milioni! Mimi nikirusha kandambili moja, wanaihama sahani kwa hatua tatu, wananisubiri niifuate kandambili.

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nina wasiwasi wahenga hao hawakuwa na sahani uani. Kunguru wa kwangu anakaa juu ya kamba ya nguo, anakukazia jicho moja, kisha anaita wenzake. Mtama wenyewe wanaumwaga tu, maana wamekwisha kula jalalani. Lile kopo la maji ndilo wanalolihitaji: wanakuja na mkate mkavu kutoka kusikojulikana, wanauchovya, wanakula, wananiachia uji. Juzi wameacha mfupa. Mke wangu aliuliza ni mganga gani amenipa masharti hayo.

Mtama uliomwagika nao una wenyewe. Kuku wa jirani, yule yule wa "unapata nini", wamejifunza saa. Jogoo anapita chini ya uzio na familia nzima, wanafagia ua, wanaacha kinyesi mlangoni, wanarudi kwao kutaga. Nikadhani angalau jirani atanipa yai moja, hata la kuonja. Ameniambia mtama wangu una vumbi, niwe napepeta kwanza.

Kuacha siachi. Sahani nitaihamishia dirishani, chini ya kipande cha wavu chenye matundu ya kupita shomoro na kumzuia kunguru; fundi amekwisha chukua malipo ya awali na hapokei simu. Ila nawaomba wa mtaa huu jambo moja. Mnaning'iniza mifuko ya taka mitini usiku kucha, utumbo wa samaki ukiwa wazi, asubuhi mnanilaumu mimi na kijisahani changu kwamba nawaita kunguru. Mimi natoa kiganja cha mtama. Ninyi mnapika pilau. Funikeni taka. Na jirani, ukimaliza kusoma hapa, nenda kafungie kuku wako.