Kulwa ni 'She'?

Jirani yangu hapa Nyalikungu, Maswa, ni pacha, tena ndiye aliyetangulia kutoka, kwa hiyo jina lake sina haja ya kulitaja. Usukumani kote huyo ni Kulwa na mwenzake ni Doto, wawe wa kiume au wa kike. Hakuna aliyeona tatizo mpaka mradi mmoja ulipomwandikia barua ya Kiingereza kumsifu kwa kilimo chake cha pamba. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akatusomea: 'she' hivi, 'she' vile, ukurasa mzima. Kulwa ana ndevu za kuchana kwa kitana.

Kiingereza ni lugha ya umbea. Huwezi kusema mtu kachelewa kikao kabla hujachungulia ni mwanamume au mwanamke. Sisi tunasema amechelewa, basi, achelewe na jinsia yake. Kisukuma nacho hakiulizi. Ndiyo maana watoto wetu wakifika kidato cha kwanza, masomo yanapogeuka Kiingereza ghafla, mama zao wanakuwa 'he' na fimbo zinatembea.

Kumbe wenye lugha nao wamechoka! Siku hizi kwao mtu anajichagulia aitwe 'he', 'she' au 'they', na anaandika kabisa chini ya jina lake kwenye barua. Mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ikatangaza 'they' kuwa neno la mwaka, wakati Shakespeare alishalitumia kwa mtu mmoja zamani zile. Kuna Mmarekani aliyeitwa Charles Crozat Converse, mwanasheria na mtunzi wa muziki, aliyewatungia neno 'thon' liwatoshe wote. Likaingia kwenye kamusi hiyohiyo mwaka 1934, mwaka 1961 likatolewa. Wangetuuliza, 'a-' yetu tungewaazima bure, ingawa nina wasiwasi ingeamriwa ipitie stakabadhi ghalani kama choroko.

Basi, mradi ukaleta fomu mpya yenye visanduku vya kuchagua. Kulwa akaweka vema kwenye 'they'. Kijana akamweleza kwamba hilo kwa kawaida ni la watu wengi.

"Sasa Doto nimwache wapi?" akajibu.

Semina ilipoitishwa Bariadi akadai posho ya watu wawili na nauli zao, fomu mkononi. Alirudi na posho moja na hasira za wawili.

Jioni nikamsimulia mke wangu, huku nikijisifu kwamba lugha yetu imewatangulia Wazungu, haibagui mtu. Alikuwa anapepeta mtama, hakuinua hata kichwa.

"Baba watoto, hebu nitajie kazi za pamba."

Nikazitaja kwa madaha: analima, anapanda, anapalilia, anachuma, anachambua, anabeba, anauza, anapokea hela, anakwenda mnadani.

"Huyo anayepalilia ndiye anayekwenda mnadani?"

Nikakohoa. Nakiri, Kiingereza kingeniumbua hapo. Kingesema 'she' mfululizo kuanzia palizi ya Januari hadi mlangoni kwa AMCOS, ushirika wetu wa wakulima, halafu mzani ukishasoma kilo, 'he' anatokea amevaa shati safi. Kiswahili kimetusitiri wanaume wa Maswa miaka mingi kwa herufi moja tu, na sijasikia hata mmoja wetu akikilalamikia.

Mama watoto ameamua kwamba msimu ukifunguliwa mwezi Mei, daftari la ushirika lisome jina lake. Nimejaribu kumtisha kwamba jina lake ni la Kisukuma, karani hatajua kama ni la mwanamume au la mwanamke, hela zinaweza kupotelea njiani.

"Atanijua," akasema. "Nitakuwa nimekaa juu ya pamba."