Muulizeni Shangazi: Kadi Imesema "Pendezeni"

Mwezi umejaa, dagaa hawafuati taa, wavuvi wako nyumbani wanahesabu nyavu. Ndiyo maana wiki hii kila nyumba kuanzia Kibirizi hadi Kagunga imekumbuka kwamba ina binti wa kuoza, na barua zote mlizonitumia zinauliza jambo moja: nivae nini? Kabla sijajibu niwaambie kwamba mimi ninauza vitenge. Mtakaoona ushauri wangu unaelekea mezani kwangu hamtakuwa mmekosea.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa huku kutoka Morogoro. Nimealikwa harusi Kagunga na nitaondokea Kigoma mjini. Kadi inasema "Mavazi: nadhifu na ya kupendeza." Nina suti moja ya kijivu, shati jeupe na viatu vyeusi vya ngozi. Vinatosha? — Mwalimu Mgeni*

Marahaba, mwanangu. Vinatosha sana Morogoro.

"Nadhifu na ya kupendeza" ni maneno ya kamati iliyochoka. Walianza na rangi, wakagombana. Wakaenda kwenye sare, bajeti ikagoma. Saa tano usiku katibu akaandika kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukikataa, wakafunga kikao kwa sala. Kwa hiyo usiisome kadi yako kama sheria. Soma safari.

Boti utaipandia Kibirizi, na hutakuwa peke yako. Utakaa kwenye ubao kati ya kreti za soda na godoro la bibi harusi, miguuni pako mbuzi aliyefungwa kamba, naye hajui kuwa ile ni suti. Juu ya koti utavaa jaketi okozi, na hapo sitaki ubishi: ulivae na ulifunge, hata kama litaficha tai uliyoiazima. Kama ni Juni au Julai, upepo unatoka kusini na wewe unaelekea kaskazini, kwa hiyo wimbi litakujia kwa nyuma. Utalowa mgongo huku kifua kikiwa kikavu, halafu utashangaa kwa nini wapiga picha wanakusifu na waliokaa nyuma yako wanacheka.

Mtapita Gombe. Pale ndipo Jane Goodall aliposhuka Julai 1960 kuja kuwachunguza sokwe, na picha zake za miaka ile zinamwonyesha na kaptula na shati la kaki. Alivaa kwa ajili ya njia aliyokuwa anaipita. Mtaipita Mwamgongo, kisha mtafika Kagunga, ambako boti huingiza pua mchangani na abiria hushukia majini. Kijana mwenye nguvu atakupa bega. Kubali. Ila mwalimu aliyebebwa mgongoni na mwanafunzi wake wa darasa la saba, Jumatatu atapata shida kusema "kaa chini."

Kwa hiyo safiri na kaptula na kandambili. Suti igeuze ndani nje, ikunje, uifunge vizuri. Zamani ningekwambia uitie kwenye rambo, lakini rambo ziliondolewa kwa amri ya Serikali tarehe 1 Juni 2019, na mifuko iliyokuja badala yake inapitisha maji kama chandarua. Tumia ndoo yenye mfuniko. Ukifika, mwombe mwenyeji pasi ya mkaa, uijaribu kwanza kwenye leso, kwa sababu pasi ya mkaa nyakati za harusi imeshapita mikono mingi na ina majivu ya kila mtu.

Sasa shati jeupe. Mwanangu, uko Kigoma, nchi ya michikichi. Utaletewa migebuka iliyoungwa kwa mawese na ugali wa muhogo, nao unaliwa kwa mkono, na jirani yako atakuwa anasimulia habari ya kesi ya shamba kwa kurusha mikono hiyohiyo. Tone la mawese likishaingia kwenye kitambaa cheupe, dobi atalipunguza tu. Vaa shati la kitenge lenye rangi ya machungwa, tone likianguka likute ndugu zake. Ninalo la saizi yako. Viatu vya ngozi viache. Pale ukumbini ni mchanga.

Na kama bado una wasiwasi, usimpigie bwana harusi. Bwana harusi hajui hata yeye atavaa nini, amepelekwa tu kupimwa. Mtafute mama mdogo wa bibi harusi, yule anayeshika daftari la michango. Huyo anajua kila uzi utakaoingia uwanjani.

*Bi Shangazi, sisi ni kikundi cha akina mama wa Ujiji. Tumealikwa kumuaga binti, na ujumbe wa simu umesema "rangi ya siku ni rangi ya ziwa." Nusu yetu wanasema bluu, nusu kijani, na mwenyekiti tayari ameshanunua zambarau. Tumeacha kusalimiana. — Katibu aliyechoka*

Katibu, pole. Aliyeandika ujumbe huo anakaa mjini na ziwa analiona kwenye kalenda.

Ninyi mnaoamka nalo mnajua. Alfajiri ni la kijivu. Saa nne, penye mawe, ni la kijani mpaka unaona samaki. Saa saba ni bluu. Jua likianza kuzama upande wa Kongo linakuwa dhahabu, halafu zambarau, kwa hiyo mwenyekiti wenu hakukosea, amewahi tu jioni. Ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, halishonewi sare.

Msiombe picha kwa simu. Kila simu ina bluu yake, na ile yenye kioo kilichopasuka ina mbili. Ombeni kipande cha kitambaa chenyewe, upana wa vidole viwili, kitoke kwenye gauni la mama wa binti, kije na boti. Hicho ndicho mkipeleke dukani mchana, nje, juani, siyo chini ya taa ya muuzaji. Hata ya kwangu.

Halafu kuna jambo ambalo nashangaa akina mama wa Ujiji mmelisahau. Wengi wenu mtavaa baibui. Rangi ya siku ikae kwenye mtandio, basi. Mtandio ni nafuu, haumngoji fundi, na baada ya sherehe utaendelea kuvaliwa. Fundi mwenyewe msimpe nafasi. Fundi akikwambia "njoo Ijumaa" hajasema Ijumaa ya mwezi gani, na nimewaona wageni wakiingia ukumbini na gauni lenye pini za kushikiza upande mzima wa kushoto, wakicheza kwa tahadhari.

Mwenyekiti aachwe na zambarau yake. Akae viti vya upande wa magharibi.

*Shangazi, ninatengeneza mashine za boti hapa Ujiji. Mgeni mmoja wa kutoka Ulaya, ambaye ninamfanyia kazi, amenialika chakula cha jioni kwake na kusema nivae "kawaida tu." Kawaida yangu ni ovaroli. — Fundi Mashine*

Fundi, hapo Ujiji suala hili lina historia. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi aliyetumwa na gazeti la New York Herald, alikuja mjini kwenu kumtafuta Dkt. Livingstone. Hakuwa na kadi. Alichokuwa nacho ni wasiwasi kama wako, na ameuandika mwenyewe kitabuni: kabla ya kuingia alivaa suti mpya ya flana, viatu vikapakwa mafuta, kofia yake ngumu ikasuguliwa kwa chaki na kuzungushiwa kilemba kipya. Akaingia na bendera mbele na bunduki zikilia.

Akamkuta mwenyeji na kofia ya buluu yenye utepe wa dhahabu uliochakaa, kizibao chenye mikono myekundu na suruali ya sufu ya kijivu. Mzee alivaa alichokuwa nacho, na sababu ilikuwepo: mali yake iliyotangulia Ujiji ilikuwa imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa ailinde. Na enzi hizo nguo ilikuwa ndiyo fedha. Merikani na kaniki zilinunua chakula na kulipa wapagazi, kwa hiyo mtu aliyeingia Ujiji na vitambaa vipya alikuwa ameingia na pochi nene, na aliyechakaa alikuwa amefilisika hadharani. Stanley hakuona aibu kwa kumzidi mwenyeji mavazi, na Livingstone hakwenda ndani kubadilisha. Walikaa barazani wakazungumza.

Nawe fanya kama Stanley, bila bunduki. Kawaida ya mwenye nyumba ni yake. Ya mgeni ni kuoga, suruali ya kitambaa, shati lenye kola na viatu vya kufunika vidole. Grisi ya kwenye kucha itoe kwa sabuni ya unga na mchanga laini, unajua mwenyewe. Ukimkuta yeye yuko na kaptula na miguu mitupu, usishtuke na usirudi kubadilisha. Chukua kilo ya dagaa wakavu, wale wasio na mchanga, umkabidhi mlangoni. Baada ya hapo hakuna atakayeangalia suruali.

*Nimeambiwa msibani "njoo tu ulivyo." — Jirani*

Usiende ulivyo. Nenda na kanga mbili, moja ya kujifunga na ya pili ya kumwazima mtu aliyekuja alivyo. Na usome maandishi ya kanga kabla hujaifunga. Kuna kanga zilizonunuliwa kwa ajili ya mke mwenza, na marehemu hana ugomvi na mke mwenzako.

*Shangazi, mimi ni mtumishi wa umma katika kata moja ya ufukweni. Barua ya mwaliko wa sherehe ya wilaya inasema tuvae "mavazi ya kitaifa." Nimeuliza ofisini, kila mtu ananicheka. — Mtumishi mwenye mashaka*

Wanakucheka kwa sababu nao hawajui. Nchi hii imeunda kamati za kutafuta vazi la taifa zaidi ya mara moja, michoro ikaletwa, mjadala ukawaka, na bado ukimsimamisha Mtanzania yeyote barabarani atakuonyesha shati la kitenge au atakuonyesha Mmasai. Kwa hiyo aliyeandika barua hiyo amekuachia kazi iliyowashinda wajumbe walioteuliwa rasmi.

Ukitaka uwazi, soma Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma. Hauna ushairi. Unataka staha: usibane, usiwe wazi, usije na kaptula. Waraka ule hautakupendezesha, lakini utakulinda. Shati la kitenge lenye mikono, au gauni la kitenge lililovuka magoti, linatimiza waraka na barua kwa pamoja. Suti ya Kaunda nayo bado ni salama, ila ukiivaa hata watu wazima watakuamkia, na utaombwa ufungue kikao.

Nimesema kitenge tena. Hili siyo kosa langu, ni la wilaya.

*Shangazi, nimeolewa Kagunga, kwetu ni Burundi, ng'ambo tu ya mpaka. Shemeji yangu anaoa na shangazi zangu wanakuja. Kadi haisemi neno lolote kuhusu mavazi. Wao wana imvutano zao nzuri, yale mavazi ya kujifunga ya kwetu, lakini wanaogopa kuonekana wamejionyesha. Nawaambiaje? — Wifi wa Kagunga*

Waambie waje nazo. Kadi isiyosema neno ni mwaliko wa kila mtu kuja na heshima ya kwao, na upande huu tunawaelewa: Kiha na Kirundi vinasikilizana vizuri kiasi kwamba hata umbeya hauhitaji mkalimani. Shangazi anayevaa la kwao hajajionyesha, ameonyesha ukoo umefika. Watakaonuna ni wale walioshona sare na kukuta haionekani.

Jambo la vitendo tu: wakija kwa miguu juu ya vilima, imvutano ibaki kwenye mzigo mpaka watakapofika kwako, waoge, wapumzike, ndipo wajifunge.

Na kama yuko mtu atakayewacheka wakishuka na vumbi, mlete kwangu. Mwezi wa Mei 2015 ufukwe huu wa Kagunga ulipokea makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi, na kipindupindu kikawafuata hapohapo mchangani. Meli ya Liemba ilikuwa haiwezi kufika nchi kavu, watu wakapelekwa kwa mitumbwi hadi ubavuni mwake, wakapandishwa kwenda Kigoma. Siku zile hakuna aliyemtazama mwenzake kavaa nini. Mimi tangu wakati huo simcheki mtu anayeingia Kagunga na nguo iliyolowa au iliyochoka.

Nafasi imebaki ndogo, nawageukia ninyi mnaoandika kadi. Mnatutajia baba, mama, babu, kamati, namba tatu za kupokelea michango na kama kadi ni ya singo au ya dabo. Ongezeni mstari mmoja wa manufaa: tutakaa kwenye viti au mkeka, sherehe iko ndani au mchangani, na chakula kimeungwa kwa mawese au la. Nafasi kwenye kadi ipo. Punguzeni maua.