Sifa za Riba Isiyolala

Watu huisema vibaya riba ya VAT iliyochelewa. Mimi, muuza samani kwa mkopo hapa Spring Valley, naomba leo niitetee, maana katika biashara hii hakuna anayenikumbuka kama riba hiyo.

Haina tamaa: ni asilimia 1 tu kwa mwezi, haizai wajukuu, na sheria imeikataza kuizidi kodi yenyewe. Ina dada, faini ya asilimia 5, ila huyo ana pupa; tumwache.

Sifa yake kuu ni uaminifu. Kodi mwisho wake ni tarehe 20. Tarehe 21 alfajiri, jogoo wa Kabete hajakohoa, riba imekwisha kuripoti kazini. Haifiwi, haigomi, haikwami Waiyaki Way mvua ikinyesha. Mtandao wa iTax waweza kusinzia, yenyewe hukesha. Ni karimu pia: ukichelewa siku moja, inakuhesabia mwezi mzima. Ukiitoroka ukaenda Dubai, siku utakayorudi utaikuta kwenye leja palepale ulipoiacha, imenenepa kidogo, haina kinyongo.

Nasema uaminifu kwa sababu nina wa kuilinganisha naye. Ofisi moja ya umma, siitaji, ilichukua viti vyangu, ikagonga mhuri wa kupokea, ikanipa mkono wa heri. Sasa, VAT haingoji pesa ziingie. Ankara ikishatoka, inadaiwa. Ankara ya shilingi milioni 1 inanidai 160,000 ambazo hakuna aliyenipa. Nakopa benki niilipie serikali kodi ya pesa ambazo serikali yenyewe haijanilipa! Hapo utani umeniisha. Nikienda kuuliza, naambiwa, "Vumilia, mzee, Hazina haijatoa pesa," na anayeniambia amekalia kiti changu.

Ati Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 nayo inataja riba kwa malipo yanayocheleweshwa. Haya, nenda kaidai, kisha mwakani uombe zabuni nyingine.

Sikatai, mwaka 2023 tulipewa msamaha: lipa kodi yenyewe ya hadi Desemba 2022, riba na faini zifutwe. Nami niko tayari kuisamehe serikali vivyo hivyo. Inipe deni lenyewe tu. Badala yake, mwaka huohuo iliundwa kamati ya kuhakiki madeni ya wazabuni tangu 2005. Riba haikuhitaji kamati kunihakiki. Iliniamini siku ya kwanza.