Barua ya wazi kwa Hazina ya Uingereza kuhusu mlango usio na komeo

Kwa Hazina ya Serikali, London.

Mji wa bandari wa Lowestoft, mashariki kabisa mwa Uingereza, umegawanywa na hori la maji ya chumvi liitwalo Lake Lothing. Mdomoni mwake lipo daraja la kuinuka la mwaka 1972: meli ikija, barabara hufungwa, kipande cha daraja husimama wima, na madereva huzima injini. Septemba 2024 likafunguliwa jingine, Gull Wing, ndani zaidi ya hori. Nalo huinuka, ila limejengwa juu kiasi kwamba mashua nyingi hupita chini yake bila kumsumbua mtu. Liligharimu takribani pauni milioni 145, karibu nusu zikitoka serikali kuu. Kwa hilo Hazina inastahili pongezi.

Kasoro ni moja tu: bahari nayo huingia kwa njia ya meli. Dhoruba inaposukuma maji ya Bahari ya Kaskazini kuelekea kusini, ambako bahari hiyo hubanwa, maji hupanda. Dhoruba ikiangukia wakati wa maji kujaa, bahari hupita chini ya daraja la zamani na kusambaa mjini. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 5 Desemba 2013, nyumba na maduka yakafurika.

Dawa ilishachorwa: kuta kuzunguka bandari ya nje, na mdomoni mwa hori lango la kufungwa dhoruba ikitabiriwa. Kuta zilikamilika 2023. Mradi wa lango ukasitishwa Januari 2024, gharama zilipozidi fedha zilizokuwapo. Sasa mji una kuta imara kushoto na kulia, na katikati uwazi. Ubunifu ambao wahandisi wa Uholanzi, pamoja na uzoefu wao wote, hawajaufikia.

Hesabu za Hazina hazina dosari. Dakika anazookoa dereva kwa daraja jipya huonekana kila asubuhi, lakini mafuriko yaliyozuiwa hayaonekani kamwe, hivyo ni vigumu kuyapiga picha siku ya uzinduzi.

Hadi fedha zipatikane, ipo njia ya bei nafuu. Kama manahodha wanavyotoa taarifa mapema kabla daraja halijainuliwa, Bahari ya Kaskazini nayo ipelekewe fomu, na ikumbushwe kutokuja saa za msongamano wa magari.